Tanuru Lililopakwa Rangi

Haya, msomaji, usiniambie umesahau. Tulipoachana, Mama Moto alikuwa amesimama nje ya geti la kiwanda cha chupa, kadi yake ya kazi imekataliwa, kipande cha chaki kiko mfukoni, na masikio yake yamenasa kitu ambacho kwa miaka kumi na tisa kilisikika mahali pale mara moja tu.

Kimya.

Feni zilikuwa zimezimwa.

Wewe unayeungana nasi leo, nikudokeze haraka haraka, maana muda hatuna. Ndani ya kiwanda kile mna tanuru la kuyeyushia kioo. Likishawashwa halizimwi, iwe sikukuu, uwe msiba, kwa sababu kioo kikigandia ndani ndiyo basi tena. Uji ule wa kioo unakula matofali ya ukuta kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kinachouzuia usitoke nje ni feni mbili kubwa zinazoupulizia ukuta hewa ya baridi mchana na usiku.

Mama Moto ndiye msimamizi wa tanuru hilo tangu siku lilipowashwa. Na Meneja aliyemsimamisha kazi wiki tatu zilizopita ni mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Yaani hapo ndipo penye kazi.

Kosa la mama wa watu lilikuwa kubisha. Pale kiwandani palikuwa na utaratibu ulioitwa mzunguko wa chaki. Kila zamu inapobadilishana, anayetoka na anayeingia wanalizunguka tanuru pamoja, na pale ukuta ulipoiva zaidi ya jana wanachora duara la chaki na kuandika tarehe. Kisha anayetoka anamkabidhi mwenzake chaki, anakwenda zake nyumbani. Nusu saa, basi. Meneja alipoona watu wawili wanafanya kazi ya mmoja, akaufuta. Akaona haitoshi. Wageni walipotajwa kuja, akaagiza tanuru zima lipakwe rangi ya kung'aa, na maduara yote ya miaka kumi na tisa yakazama chini ya rangi.

"Mwanangu, umepaka rangi cheti cha mgonjwa," Mama Moto alimwambia, kwa upole kabisa. Kesho yake akapewa barua.

Sasa turudi getini.

"Fungua," Mama Moto alimwambia mlinzi.

"Dada yangu, jina lako limo kwenye karatasi hii. Limepigiwa mstari mara mbili. Nikikufungulia, unga wangu umemwagika."

"Sikiliza kwanza. Unasikia nini?"

Mlinzi akatega sikio. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hicho."

Mzee yule alilinda geti lile miaka kumi na moja. Alitoa macho kama mtu aliyeamka akakuta nyumba haina paa. Kisha akaiweka karatasi mezani, akakohoa, akatazama juu.

"Tumbo langu leo!" akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mwingine wa kumsikia. "Wacha niende chooni. Na geti hili nalo, komeo lake bovu, sijui kama limejifunga."

Akaenda zake bila kugeuka. Mama Moto akasukuma, akaingia.

Alikatiza uwanja mbio mbio, kanga imefungwa kiunoni, miaka yake hamsini na sita ameiacha getini. Akaupita ubao mkubwa aliouweka Meneja: JANA CHUPA ELFU AROBAINI NA MBILI. Kila siku tarakimu ilipanda, na kila siku wageni walioneshwa. Nyuma ya ghala, ambako hakuna mgeni aliyepelekwa, rundo la chupa zilizorudishwa na wateja nalo lilikuwa limepanda hadi kufikia dirisha: chupa zenye mapovu, chupa zenye nyufa, chupa zinazopasuka ukizitazama kwa jicho baya. Hizo hazikuandikwa ubaoni.

Kwenye chumba cha swichi alimkuta fundi umeme. Kijana wa watu alikuwa amevalishwa tai, shingo imembana, mkononi ana chupa ya soda iliyokuwa ikitoa jasho.

"Nani kazima feni?"

Fundi alishtuka nusura ameze mrija. "Mama! Umeingiaje?"

"Nimekuuliza."

"Meneja. Kasema zinapiga kelele, wageni hawatasikia hotuba. Ni mpaka saa sita tu, mama. Kisha tunawasha."

"Zimezimwa saa ngapi?"

Fundi akatazama viatu vyake. "Saa mbili na nusu. Walitaka kujaribu spika."

Saa ya ukutani ilisema saa nne na robo. Miaka mitano nyuma, umeme ulipokatika, feni zilisimama nusu saa tu na ukuta ukawa mwekundu kama kaa. Na enzi hizo tofali lilikuwa bado na unene wa shibiri nzima. Sasa kuna mahali pamebaki vidole vitatu.

"Washa."

"Kuna kufuli." Fundi akaonesha. Sanduku la swichi lilikuwa limepigwa kufuli jipya linalong'aa. "Ufunguo anao mwenyewe. Kasema asije mtu akaharibu shughuli."

"Na wa zamu ya tanuru yuko wapi? Nani anautazama ukuta?"

"Yuko kwenye kwaya."

"Kwaya gani?"

"Ya kuwakaribisha wageni. Wote wako kwenye kwaya, mama, au kwenye viti. Tumegawiwa fulana mpya."

Uwii! Msomaji, hebu fikiria. Tanuru lenye tani themanini za uji wa kioo, halina feni, halina mtu, na mtu wake anaimba sauti ya pili. Mama Moto akataka kutukana, akakumbuka fundi ni mtoto wa mwenzake. Akameza.

"Iache soda hiyo. Kaa hapa hapa. Nikirudi na ufunguo nikukute umesimama."

"Nitakwenda wapi tena, mama, na hii tai?" fundi akasema, lakini Mama Moto alishaondoka.

Watu mia mbili na arobaini walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa tanuru, wamekaa kwenye viti vya kukodi, fulana nyeupe, wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Joto lilikuwa la kufa mtu. Jukwaa lilisimamishwa hatua kumi tu kutoka kwenye tanuru ili picha zitoke vizuri, na nyuma ya jukwaa lilitundikwa bango refu kuficha mabomba ya feni, maana mabomba hayapendezi pichani. Bango lilisema: MIAKA MINGINE HAMSINI.

Juu ya bango, tanuru liling'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Mwenyekiti wa kampuni, mzee mnene mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa kwenye kipaza sauti. Mbele yake walikaa wanunuzi watatu waliokuja kukitazama kiwanda. Meneja alikaa pembeni yake, suti ya buluu, tabasamu limeganda usoni. Safu ya kwanza alikaa mkewe, mwalimu wa shule, ambaye alikuja kwa sababu aliombwa na akakubali shingo upande. Tangu mama yake asimamishwe kazi, ndani ya nyumba ile watu walikuwa wakisalimiana tu.

Mama Moto hakwenda jukwaani kwanza. Alikwenda kwenye ukuta.

Upande wa kulia, usiozibwa na bango, alisogea mpaka nyusi zikahisi kuungua. Kwa mazoea alitafuta maduara yake ya chaki na hayakuwepo. Pamekuwa peupe, pazuri, hapasemi kitu. Halafu akaona. Kwenye kona ya tatu, usawa wa kifua, rangi mpya ilikuwa imebadilika kahawia na kutoka malengelenge, makubwa kama sahani.

Ukuta ulikuwa unaiva.

Hapo ndipo Mama Moto alipopanda jukwaani.

"Shikamoo, mama," Meneja alinong'ona, bila kusogeza midomo. Jasho lilimtoka chini ya nywele.

"Marahaba, mwanangu. Naomba ufunguo."

"Mama, tafadhali. Tuko mbele ya wageni."

"Nawaona. Wamekaa vizuri. Naomba ufunguo wa feni."

"Dakika ishirini tu. Mwenyekiti anamalizia."

"Huna dakika ishirini, baba. Kona ya tatu imetoka malengelenge."

Miaka minane tangu amwoe binti yake, hawakuwahi kupandishiana sauti, hawa wawili. Mkwe ni mkwe. Hata barua ya kumsimamisha kazi alimpelekea kwa mikono miwili. Na hata sasa walikuwa wakinong'onezana kwa adabu kama watu wanaopishana mlangoni, na nyuma yao ukuta unazidi kuiva.

Mwenyekiti akakatiza hotuba. Spika zikapiga mluzi.

"Samahani," akasema, akitabasamu kwa wageni. "Meneja, huyu mama ni nani?"

Kila aliyevaa fulana alimjua Mama Moto. Nusu yao aliwafundisha kazi. Walimtazama Meneja, wakangoja.

Meneja akawatupia jicho wanunuzi.

"Ni mfanyakazi wa zamani, Mwenyekiti. Anatoka sasa hivi."

Aibu gani hii! Mama Moto alihisi kama amechapwa kofi. Maneno ya barua hayakumuuma hivi. Alisimama pale, kanga kiunoni, chaki mfukoni.

Kiti cha safu ya kwanza kikalia kwenye sakafu.

"Mfanyakazi wa zamani?" Ilikuwa sauti ya mwalimu aliyezoea kusikika mpaka nyuma ya darasa. Hakuhitaji spika. "Huyo ni mama yangu. Ni bibi wa watoto wako. Wiki nzima hii wanao walikula kwake."

"Mke wangu, kaa chini, nakuomba."

Hakukaa. Alipanda ngazi mbili za jukwaa, akamsogelea mumewe, akatia mkono ndani ya koti lake kama anayemtoa uzi.

"Mfuko wa ndani, kushoto," akasema. "Koti hili nimelipiga pasi mimi."

Akatoka na ufunguo. Safu za nyuma mtu mmoja akapiga makofi, akajishtukia, akaacha.

"Nifanye nini, mama?"

Mama Moto alimvutia pembeni. Aliwaza haraka. Mlango mkubwa uko upande wa jukwaa, na nyuma ya bango kuna ukuta ambao bado hajauona. Watu mia mbili na arobaini hawawezi kupitishwa hapo. Lakini mlango wa nyuma unashuka kwenye chumba cha shimo, na shimo lile ndilo mahali alipopaamini kuliko pote kiwandani. Waliojenga kiwanda waliwaza mbali: walichimba shimo la kina cha watu watatu, wakalizungushia ukuta wa kiuno, wakachonga mfereji sakafuni kutoka kwenye tanuru, ili siku ukuta ukitoboka, kioo chote kiende huko kikagande kimya kimya bila kumgusa mtu. Miaka kumi na tisa shimo lilikaa tupu na kavu. Yeye mwenyewe alikuwa akilifagia kila mwezi, mpaka wiki tatu zilizopita.

"Wapitishe mlango wa nyuma," akamwambia binti yake. "Wapite pembeni ya shimo, watokee uani. Usiwakimbize, wataangushana. Wewe uwe mbele."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi."

Binti akamshika mkono kidogo, akashuka. Mama Moto akakimbilia kwenye chumba cha swichi.

Kufuli likafunguka. Fundi akasukuma swichi ya kwanza. Feni ya kulia ikaguna, ikakohoa vumbi, ikaanza kuzunguka. Loo, sauti ile! Mama Moto aliona kama mtoto aliyezimia amelia.

"Ya pili."

Fundi akasukuma. Mota ikalia peke yake, wiii, bila kuvuta kitu.

"Mbona haizunguki?"

Fundi akashika tai yake. "Mama, haina mkanda."

"Mkanda umekwenda wapi?"

"Ulifungwa kwenye mashine ya kubeba chupa. Mkanda wa kule ulikatika, tukaambiwa tusisimamishe uzalishaji hata saa moja. Tukaambiwa feni moja inatosha."

"Lini?"

"Siku ile ile ulipopewa barua."

"Nani aliwaambia?"

"Mimi," akasema mtu mlangoni.

Alikuwa Meneja. Koti amelivua, tabasamu limemwisha. Kule nyuma yake, spika zilikuwa zimeanza tena. Mwenyekiti alikuwa akiwaambia watu wakae, hakuna tatizo, ni mambo ya kifamilia tu, na atakayetoka kabla ya shughuli kwisha asirudi kesho. Watu walikuwa nusu wamekaa, nusu wamesimama, kama wanaongoja kuambiwa na mwingine.

"Nilisaini mimi," Meneja akasema. "Mkanda, na rangi, na mzunguko wa chaki."

"Na matofali?" Mama Moto sasa hakunong'ona. "Mwaka wa kumi na mbili tanuru hili lilitakiwa lijengwe upya. Wewe ulipokuja nilikueleza. Nikakueleza tena. Ukaniambia nisubiri. Nimesubiri miaka minne, mwanangu. Ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, tena chupa ya kwetu wenyewe!"

"Niliomba, mama. Niliandika barua tatu."

Hilo Mama Moto hakulitarajia, na nadhani hata wewe msomaji hukulitarajia.

"Barua ya mwisho Mwenyekiti aliichana mbele yangu," Meneja akasema. "Akasema wanunuzi wanakuja, na yeye hajengi tanuru la kumwachia mtu mwingine. Akasema kazi yangu ni kulifanya lionekane jipya mpaka watie saini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba niliambiwa hapana, na mimi nikajibu ndiyo, asante?" Akaegemea fremu ya mlango. "Nilidhani litavuka tu. Wiki moja. Kisha wiki nyingine. Kila siku lilivuka, mama."

Mama Moto alimtazama. Alitaka kumchukia, na dakika tatu nyuma alikuwa akimchukia kwa moyo wote. Lakini alichokiona mbele yake ni mwanamume mzima, baba wa wajukuu zake, amechelewa kusema ukweli mpaka ukweli umemkuta kazini.

Akatoa chaki mfukoni. Akaivunja. Kipande akamtia mkononi.

"Haya. Tunazunguka."

"Mama?"

"Mzunguko wa chaki. Wewe ndiye unayeingia zamu, mimi ndiye ninayetoka. Twende."

Wakaenda. Upande wa kulia feni ilikuwa inapuliza, na malengelenge ya kona ya tatu yalikuwa yameanza kutulia. Mama Moto akachora duara. "Hapa patashika," akasema. Kona ya nne, duara dogo. Kona ya tano, salama. Meneja alimfuata, mkono ameukinga usoni, anaandika tarehe. Kazi aliyoifuta kwa mstari mmoja wa kalamu, leo ndiyo mara yake ya kwanza kuifanya.

Walipofika upande wa kushoto, upande usio na feni, walikuta bango.

Mwenyekiti alikuwa bado anaongea mbele yake. Wanunuzi walikuwa wamesimama, wanatazamana. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilikuwa imeanza kusikika, na herufi za neno HAMSINI zilikuwa zimekunjamana.

Meneja akashika pindo la bango, akavuta.

Mungu wangu! Nyuma yake hapakuwa na rangi ya kung'aa tena, wala malengelenge. Ukuta ulikuwa mwekundu kama embe lililoiva, upana wa mlango, na katikati yake pameanza kuwa pa njano.

Mwenyekiti aligeuka, akaona. "Rudisha bango," akanong'ona kwa Meneja, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, na spika zote zikalisema neno hilo mpaka nyuma ya ukumbi. "Rudisha bango haraka!"

Meneja akamtazama. Kisha akampokonya kipaza sauti.

"Mimi ndiye niliyezima feni," akasema. "Tanuru hili ni bovu. Nilijua. Mwenyekiti alijua. Ubao wa uwanjani ni uongo. Huyu hapa si mfanyakazi wa zamani, ni mama mkwe wangu, na yeye peke yake ndiye aliyesema kweli. Acheni viti. Tokeni. Tokeni sasa hivi, na tusionane hapa mpaka mama huyu aseme."

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza. Aliruka jukwaa kama hana kitambi, mguu niponye, akatokomea kwa mlango mkubwa na wanunuzi wake nyuma. Lakini wafanyakazi walimwona mwalimu amesimama kule nyuma ya ukumbi, mkono juu, anaita kwa sauti ya darasani, "Huku! Polepole! Mstari mmoja!" Wakamfuata. Viti vilianguka, watu hawakuanguka. Fulana nyeupe zikaanza kupungua, safu baada ya safu, zikishukia mlango wa nyuma.

Meneja hakuona hilo. Alisharudi kwenye ukuta. Yeye na Mama Moto walikuwa wamekokota mpira wa maji ya kuzimia moto mpaka chini ya pale penye njano, na Mama Moto alikuwa anapiga ukungu wa maji, kidogo kidogo, kwa mkono wa mtu aliyezoea.

"Tukipata dakika kumi pataganda," akasema. "Fundi ameufuata mkanda. Tukipata feni, tanuru litaishi."

"Tusipopata?"

Ukuta ulijibu wenyewe. Ulilia *tak*, kama yai likigongwa kwenye ukingo wa kikaango. Pale pa njano pakafunguka tundu la ukubwa wa kidole, na tone moja jeupe la kioo likatoka, zito, taratibu, likateremka ukutani, likaanguka mferejini. Likafuatwa na jingine. Kisha ukawa uzi mwembamba usiokatika, unaotambaa ndani ya mfereji kuelekea nyuma ya ukumbi.

Meneja aliruka nyuma. "Mama, linatoka!"

"Nimeliona. Usihofu." Na kweli Mama Moto alikuwa ametulia. Hata alimwonea huruma. "Ukiona limeingia mferejini ujue limekwenda kwake. Linateremka mpaka shimoni, linagandia huko, halimdhuru mtu. Ndiyo maana hata watu nimewapitisha huko huko. Mkeo yuko mbele yao."

Kitu kidogo kikagonga sakafu nyuma yake.

Mama Moto akageuka. Uso wa mkwewe ulikuwa umepauka kuliko chaki aliyoishika. Na chaki yenyewe ilikuwa imemtoka mkononi, imeanguka, imevunjika vipande vitatu.

"Mwanangu? Nini?"

"Lile shimo," Meneja akasema. "Mama, lile shimo lilikuwa limekaa bure. Miaka yote, tupu. Nikaona ni nafasi inayopotea. Na soda za wageni hazikuwa na mahali pa kupozwa..."

Mama Moto akaikumbuka chupa mkononi mwa fundi umeme, ilivyokuwa ikitoa jasho. Kiwanda kile hakikuwa na friji ya kutosha hata maziwa ya chai ya ofisini.

Alijua, kama anavyojua kila anayefanya kazi ya kioo, kinachotokea uji ule ukitumbukia kwenye maji mengi. Haugandi. Unalipuka.

"Umeweka nini shimoni?"

"Barafu," akasema. "Na maji. Nimelijaza mpaka juu."

Uzi wa kioo ulikuwa umevuka nusu ya mfereji. Kutoka kule nyuma, chini ya ngazi, sauti ya binti yake ilisikika wazi kabisa, imetulia, inawahesabu watu wanaopita pembeni ya shimo: "Sitini na mbili. Sitini na tatu. Polepole, jamani, nafasi ipo. Sitini na nne."